Kati ya Nini na Nini? Maswali ya Wanafunzi kuhusu Zama za Kati za Pwani ya Waswahili na Majibu Tunayowapa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna sisi walimu wa isimu na fasihi ya Kiswahili tunavyojibu maswali matatu ambayo wanafunzi huyauliza mara kwa mara kuhusu pwani ya Afrika Mashariki kati ya karne ya 8 na ya 15: iwapo pwani ilikuwa na Zama za Kati, nani aliijenga Kilwa, na Fumo Liyongo aliishi lini. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa majibu yetu hautokani tu na uchache wa ushahidi, bali zaidi na mazoea ya kuufanya ushahidi wa aina moja ujibu swali la aina nyingine. Jiwe, neno, mfupa na simulizi kila kimoja kina swali lake. Makala yanapendekeza kwamba kila matini inayohusishwa na kipindi hicho ifundishwe kwa kutenganisha tarehe nne: ya mhusika, ya simulizi, ya utungo na ya nakala.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, katika semina ya mwaka wa pili kuhusu historia ya ushairi wa Kiswahili, nilisema kwamba Fumo Liyongo aliishi katika karne ya 13. Nilikuwa nimelisema hilo kila mwaka. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, hayo mashairi yake tunayoyasoma yaliandikwa lini, na nani aliyaandika?" Nilijibu kwamba yalihifadhiwa kwa njia ya mdomo. Akauliza tena, "Kwa mdomo kwa karne sita, na mizani haikupungua hata mmoja?" Darasa lilicheka. Nami nilibaini kwamba tarehe ile sikuwa nimeichunguza kamwe. Nilikuwa nimeipokea kwa mwalimu wangu, nikaiandika katika mihtasari yangu, kisha nikaitungia maswali ya mtihani.

Tangu hapo nimekuwa nikiyazingatia maswali ambayo wanafunzi huyauliza kuhusu kipindi hicho. Maswali yenyewe si mengi. Hujirudia mwaka baada ya mwaka. Kwa kawaida tunayachukulia kuwa dalili ya upungufu wa usomaji. Makala haya yanayachukulia kinyume chake: kama uhakiki wa mihadhara yetu, uliotolewa na watu ambao bado hawajajifunza ni maswali gani hayaulizwi.

2.0 Je, Pwani Ilikuwa na Zama za Kati?

Swali hili huja kwanza, na mara nyingi huja kwa haya, kama kwamba muulizaji anaomba ruhusa. Hujibiwa kwa njia mbili. Jibu la kwanza husema ndiyo: wakati Ulaya ilipokuwa ikijenga makanisa yake makuu, Kilwa ilikuwa na msikiti mkuu wa mawe na ikulu ya Husuni Kubwa. Jibu la pili husema hapana: istilahi hiyo ni ya Ulaya, haituhusu. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yote mawili yanaepa kiini cha swali.

Istilahi "Zama za Kati" ilizaliwa kutokana na mtazamo wa watu wa kipindi kilichofuata. Wasomi wa Mwamko wa Ulaya walijiona kuwa warithi wa Roma na Ugiriki, wakaziita karne zilizowatenganisha na urithi huo kuwa za katikati. Katika karne ya 17 mwanahistoria Mjerumani Christoph Cellarius aliimarisha mgawanyo wa historia katika sehemu tatu: ya kale, ya kati na mpya. Istilahi hiyo basi si jina tu la kipindi, ni hukumu. Inasema kwamba kilicho muhimu kilikuwapo kabla, na kwamba kilirudi baadaye.

Tunapoihamishia istilahi hiyo pwani, hatuna budi kuuliza: kati ya nini na nini? Nurse na Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walichukua miaka ya 800 hadi 1500 kuwa kipindi cha kuundwa kwa jamii na lugha ya Kiswahili. Mwanzo huo una msingi katika isimu na akiolojia. Mwisho wake unaangukia karibu na kufika kwa Vasco da Gama mwaka 1498 na kutekwa kwa Kilwa na Wareno mwaka 1505. Mwandishi anaweza kuutetea mpaka huo, lakini mwanafunzi anapaswa kujua kwamba ni mpaka uliowekwa na tukio kutoka nje. Shanga, katika kisiwa cha Pate, ilihamwa mapema katika karne ya 15, kabla Mreno yeyote hajaonekana. Gedi iliendelea kukaliwa baada ya Wareno kufika. Pate yenyewe ilistawi zaidi katika karne ambazo kwa kalenda hiyo tungeziita za baadaye. Kila mji ulikuwa na "kati" yake.

Kwa hiyo jibu ninalolitoa sasa ni hili: tunaweza kuitumia istilahi hiyo kwa ajili ya ulinganishi, hasa tunapozungumza na wataalamu wa maeneo mengine, lakini tusiitumie kama sifa. Mwanafunzi anayejivunia kwamba "na sisi tulikuwa na Zama za Kati" ameomba cheti kwa mtu ambaye hakuwa na mamlaka ya kukitoa.

3.0 Nani Aliijenga Kilwa?

Swali la pili huulizwa kwa sura kali zaidi: "Ni Waarabu au ni sisi?" Historia ya jibu hili inajulikana. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliweka uzito mkubwa kwa wageni kutoka Ghuba. Kizazi kilichofuata kilipindua mtazamo huo. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga ulionesha mfululizo wa misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa midogo, ya miti, kuanzia karne ya 8, na ya mawe ikifuata baadaye. Mji wa mawe haukushushwa kutoka jahazini ukiwa umekamilika. Ulikua mahali pake. Kwa upande wa lugha, isimu linganishi ilithibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Nurse na Hinnebusch (1993) wanahoji pia kwamba sehemu kubwa ya mikopo ya Kiarabu iliingia katika karne za karibuni, si wakati lugha ilipokuwa ikichimbuka.

Matokeo haya ni imara. Lakini tazama tulivyoyatumia darasani. Tulisema: Kiswahili ni Kibantu, kwa hiyo Kilwa ilijengwa na Wabantu. Neno "kwa hiyo" hapo halina kazi yoyote, kwa sababu nasaba ya lugha si nasaba ya fundi. Maneno nyumba, mlango na jiwe ni ya Kibantu. Msikiti na mnara ni ya mkopo. Hilo linatuambia kwamba wasemaji walikuwa na nyumba na milango, kisha wakapokea dini pamoja na msamiati wake. Halituambii ni mkono wa nani uliochonga matumbawe ya Husuni Kubwa.

Udhaifu wa hoja hiyo ulidhihirika mwaka 2023, jarida la Nature lilipochapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara. Kwa wengi wao, nasaba ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika kwa kiasi kikubwa, na ya upande wa baba ilikuwa ya Kiasia kwa kiasi kikubwa, hasa ya Uajemi. Uchanganyikaji huo ulikuwa umeanza kufikia karibu na mwaka 1000. Wanafunzi walikuja ofisini na makala hayo katika simu zao. "Kwa hiyo Chittick alikuwa sahihi?" Baadhi yao walikuwa na wasiwasi wa kweli, kana kwamba wamenyang'anywa kitu. Na kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumewafundisha kuegemeza utu wao wa kihistoria juu ya jibu la swali la nasaba, na nasaba ikabadilika.

Mfupa hujibu swali la mfupa. Unaeleza wazazi wa watu waliozikwa mahali fulani, na wengi wa waliochunguzwa walizikwa katika makaburi ya watu wenye hadhi, karibu na misikiti. Hauelezi wazazi wa watu waliobeba chokaa. Wala hauelezi lugha, na hapa ndipo mwanaisimu ana la kusema. Kama baba wengi wa tabaka hilo walikuwa na asili ya Uajemi na lugha ya mji ikabaki kuwa ya Kibantu, basi mgeni ndiye aliyeingia katika lugha ya wenyeji, si kinyume chake. Matokeo ya mwaka 2023 hayaivunji hoja ya isimu. Yanaifanya iwe ya kuvutia zaidi. Mwanafunzi anastahili kuoneshwa hivyo.

Kuna pia ushahidi wa simulizi. Tarehe ya Kilwa imetufikia katika sura mbili kuu: ya Kireno, ndani ya kazi ya João de Barros iliyotolewa mwaka 1552, na ya Kiarabu, ambayo nakala yake ya mwaka 1877 imehifadhiwa Uingereza. Katika sura ya Kiarabu, mtawala wa Shirazi anaota panya mwenye mdomo wa chuma akitafuna kuta za mji. Anaondoka na wanawe kwa majahazi saba, na mmoja wao anakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kukizunguka. Katika sura ya Barros, mwanzilishi ni mtoto wa mama Mhabeshi aliyedharauliwa na ndugu zake. Tumezoea ama kuiamini tarehe hii kama kumbukumbu ya matukio, ama kuitupa kama uongo wa wenye kujitafutia hadhi. Wanafunzi wa fasihi ndio wangepaswa kutuonesha njia ya tatu. Ndoto ya panya, idadi saba na nguo zinazonunua ardhi ni mbinu za kisimulizi. Zinajibu swali la kwamba watawala wa Kilwa walitaka kujulikana kuwa nani, na walidai haki gani juu ya ardhi. Kwamba sura moja inamtaja mama Mhabeshi na kudharauliwa kwa mwanawe ni jambo linalodai uhakiki wa kina kuliko mjadala mzima wa "Shirazi au si Shirazi".

Swali hili lina upande mwingine ambao huulizwa kwa nadra, na likiulizwa sisi hulipita haraka. Mwanafunzi mmoja aliandika pembezoni mwa zoezi lake: "Waliojenga walilipwa?" Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, anausifu uzuri wa mji na ukarimu wa mtawala. Katika masimulizi yayo hayo anataja mashambulizi ya mtawala huyo dhidi ya nchi ya Wazanji na mgawanyo wa ngawira, na anasimulia zawadi ya watumwa na pembe za ndovu aliyopewa fakiri kutoka Yemen. Katika vitabu vyetu vya kufundishia, sentensi ya uzuri wa mji hunukuliwa sana. Ya watumwa hubaki katika matini asilia. Swali la "sisi au Waarabu" limekuwa likitufichia swali hili, kwa kuwa "sisi" ile huufanya mji wote kuwa mtu mmoja.

4.0 Mashairi ya Zama za Kati Yako Wapi?

Mwaka 1995 Mulokozi na Sengo walitoa kitabu chao muhimu kuhusu historia ya ushairi wa Kiswahili, ambacho kichwa chake kinataja miaka 1000 hadi 2000. Wanafunzi wakikiona kichwa hicho huomba kuoneshwa shairi la mwaka 1000. Ombi hilo ni halali, na halijibiwi kwa kukasirika.

Tuanze na tulicho nacho. Maandishi ya pwani ya kipindi hicho yapo. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe inayolingana na mwaka 1107. Husuni Kubwa imetoa maandishi yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Zaidi ya hayo zipo sarafu. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje, ya karibuni zaidi ikiwa ya mwaka 1066. Ugunduzi huo ulilazimisha watawala wanaotajwa katika sarafu hizo, akiwamo Ali bin al-Hasan, warudishwe hadi karne ya 11, nyuma ya tarehe aliyoikadiria Chittick. Kwa mhakiki wa ushairi, jambo kubwa zaidi ni umbo la maandishi yake: upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina kina kimoja. Mtu aliyeigeuza sarafu mkononi alikuwa akitoka katika kipande kimoja na kuingia katika kingine.

Hapa mwalimu hushawishika kusema: basi ushairi wa Kiswahili una miaka elfu. La. Vina hivyo ni vya Kiarabu. Vinathibitisha kwamba katika karne ya 11 kulikuwa na watu wa pwani waliothamini kina kiasi cha kukipiga chapa katika fedha. Havithibitishi kwamba kulikuwa na shairi la Kiswahili lenye vina, wala havikanushi. Kiarabu kilikuwa lugha ya kuandikia, kama Kilatini kilivyokuwa Ulaya magharibi, ambako pia watu waliimba kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Matini za Kiswahili zenyewe, kwa hati za Kiarabu, tunazipata kwa uhakika mwanzoni mwa karne ya 18: barua za Kilwa za kuanzia mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, na Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728.

Sasa turudi kwa Liyongo. Wataalamu wamempa tarehe zinazotofautiana kwa karne nyingi, kuanzia ya 9 hadi ya 17. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kutuzuia tusiandike karne moja ubaoni. Tulicho nacho mkononi ni habari zake na tungo zilizochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, utendi uliotungwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, na tungo anazonasibishwa nazo zilizokusanywa kutoka katika nakala zisizo za enzi yake.

Hoja inayotumika sana kuitetea tarehe ya mbali ni ya lugha: tungo hizo zina Kingozi, zina maumbo ambayo hayasemwi tena, kwa hiyo ni za kale. Kama mwanaisimu, ninaiona hoja hii kuwa dhaifu kuliko inavyoonekana. Umbo timilifu la kale kama niwene, kwa maana ya "nimeona", ni la kale kweli katika historia ya lugha. Lakini washairi wa kaskazini waliendelea kulitumia kwa sababu lilikuwa sehemu ya rejista ya ushairi. Kijuma mwenyewe, aliyeandika mwaka 1913, alitunga kwa lugha iliyosheheni maumbo ambayo hakuyatumia alipozungumza na jirani yake. Umbo la kale linatupa umri wa umbo, si umri wa utungo. Tukikubali kinyume chake, itabidi tuseme Kijuma naye alikuwa mtu wa karne ya 13.

Kosa kama hilo tunalifanya kwa Al-Inkishafi. Magofu yanayozingatiwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni ya Pate, na mshairi aliishi katika karne ya 18 hadi mwanzo wa ya 19. Hata hivyo, vidaka vyake vya sini na kumbi zake zilizonyamaza huletwa darasani kama picha ya Kilwa ya Ibn Battuta. Shairi linalowaza kuhusu kuporomoka kwa ufahari limegeuzwa kuwa orodha ya samani. Hapo tunapoteza mambo mawili: historia ya karne ya 14, ambayo shairi hilo halikukusudia kuisimulia, na shairi lenyewe, ambalo linahusu nafsi ya mtu anayeyatazama magofu.

5.0 Tarehe Nne

Ninapendekeza utaratibu rahisi, ambao nimeutumia kwa miaka kadhaa sasa. Kwa kila matini inayohusishwa na kipindi hiki, mwanafunzi aandike tarehe nne, kila moja na ushahidi wake: mhusika aliishi lini, simulizi yake inaonekana lini kwa mara ya kwanza, utungo huu ulitungwa lini, na nakala tunayoisoma iliandikwa lini. Kwa Liyongo wa Kijuma, tarehe ya tatu ni 1913. Ya pili haiwezi kuwa baada ya 1870. Ya kwanza ni mjadala, na mwanafunzi apewe alama kwa kuueleza mjadala huo, si kwa kutaja karne.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Kuna watakaosema kwamba mashaka kama haya yanawapa silaha wale ambao siku zote wamedharau masimulizi ya mdomo na kuamini karatasi tu. Ninauelewa wasiwasi huo. Mimi mwenyewe nililelewa kitaaluma ndani yake. Lakini tulipoibebesha simulizi ya Liyongo tarehe isiyoweza kuibeba, ndipo hasa tulipoipima kwa kipimo cha karatasi: tulidhani haiwezi kuwa na thamani mpaka iwe kongwe. Simulizi ya mwana anayemuua baba yake kwa sindano ya shaba, kwa ahadi ya watu wasiokusudia kuitimiza, ni kubwa katika karne yoyote. Watu wa Ozi na Lamu hawakuihifadhi ili itusaidie katika mabishano ya ukongwe.

6.0 Hitimisho

Maswali matatu yaliyojadiliwa hapa yana sifa moja. Kila moja linataka tarehe au jina, na nyuma ya kila moja kuna hitaji la kuthibitishiwa kwamba pwani ilikuwa na ustaarabu unaostahili heshima. Sisi walimu tumejibu hitaji hilo badala ya kujibu swali. Kwa kufanya hivyo tumewapa wanafunzi majibu yanayotikisika kila matokeo mapya yanapochapishwa, iwe ni hazina ya sarafu au uchunguzi wa vinasaba.

Njia iliyo salama zaidi ni kuwaonesha ushahidi wenyewe, kila aina na mpaka wake, na kuwaachia kazi ya kuupima. Mwanafunzi aliyeniuliza kuhusu mizani hakuwa akimdharau Liyongo. Alikuwa amesoma tungo zile kwa makini kiasi cha kuhesabu mizani yake, akataka kujua zilimfikiaje. Hilo ndilo swali la msingi la uhakiki wa matini, na lilipaswa kuwa limeulizwa na mimi kabla yake.